Programu Zinazojiwasha: Orodha Uliyonyang'anywa

 Mazungumzo ya leo ni ya mwenye kompyuta nzito. Yule ambaye akishaiwasha asubuhi hana haja ya kuketi. Anainjika chai, anapiga pasi shati, anarudi na kukuta kile kiduara cha bluu bado kinazunguka. Na hasa nazungumza na yule ambaye fundi amekwisha kumwambia kuwa mashine imezeeka, dawa yake ni kufuta kila kitu na kupiga Windows upya. Usitoe hela bado. Nipe robo saa.

Twende kwanza steshenari, moja ya zile zilizobanana nje ya geti la chuo. Umeme ulikatika alfajiri, umerudi sasa hivi. Mwenye duka anabonyeza kitufe, kompyuta ya mezani inaunguruma, na baada ya muda picha ya mwanzo inatokea na vialama vyote vimejipanga. Kwa macho, kompyuta iko tayari. Kijana anaingia.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu."

"Naomba kuprinti CV, nakala tatu. Nina usaili saa nne."

Flashi inachomekwa, mama anabofya. Kimya. Anabofya tena, safari hii mara mbili kwa hasira. Chini kulia, pale karibu na saa, vialama vidogo vinaanza kuchomoza kimoja kimoja. Programu ya kushushia sinema. Programu ya muziki. Programu ya mikutano ya mtandaoni ambayo ilitumika siku moja tu. Kisaidizi cha printa iliyoharibika zamani na ambayo imekwisha kuuzwa kama skrepa. Halafu, katikati ya skrini, bila mtu kuliita, linafunguka dirisha la Skype. Skype, msikilizaji! Huduma ambayo Microsoft wenyewe waliifunga tarehe 5 Mei 2025. Huduma imekufa, lakini kwenye kompyuta ya mama huyu programu yake inafufuka kila asubuhi na kumchelewesha mtu asipate CV yake.

Umri wa kompyuta ile si kitu. Ilikuwa inafanya kazi tangu kitufe kilipobonyezwa, tena kazi nyingi, ila haikuwa kazi ya mama.

Kila programu inayojiwasha inadai mambo matatu kwa pamoja: isomwe kutoka kwenye diski, ipewe nafasi kwenye kumbukumbu, na ipewe muda wa prosesa. Kompyuta mpya ya bei kubwa inabeba hayo bila kulalamika. Lakini tuseme ukweli kuhusu kompyuta zetu. Nyingi ni Dell Latitude, HP EliteBook au Lenovo ThinkPad zilizofanya kazi miaka yao kwenye maofisi ya watu, zikapita Dubai au Uingereza, zikafika kwetu na kumbukumbu ya gigabaiti 4 na, mara nyingi, diski ile ya zamani ya kuzunguka. Diski ya aina hiyo kwenye laptopu kwa kawaida huzunguka mara 5,400 kwa dakika. Inasikika ni kasi kubwa, lakini piga hesabu: ni mizunguko 90 kwa sekunde, na vichwa vyake vya kusomea husogea vyote pamoja, haviwezi kuwa sehemu mbili kwa wakati mmoja. Programu moja ikihitaji vipande elfu moja vilivyotawanyika kwenye diski, kule kusogea na kusubiri pekee kunaweza kula zaidi ya sekunde kumi. Sasa programu kumi zikidai vipande vyao kwa mpigo mmoja, ndiyo ile hali ya mlango wa daladala saa kumi na moja jioni: abiria wote wanaingia kwa pamoja, na kwa sababu hiyo hiyo hakuna anayeingia.

Zikishaingia, hazitoki. Hata usipozigusa kutwa nzima, zinakaa kwenye kumbukumbu. Windows yenyewe inachukua sehemu kubwa ya zile gigabaiti 4, programu hizi zinagawana zilizobaki, na wewe ukifungua barua yako na kurasa mbili za intaneti, kumbukumbu inajaa. Hapo Windows huanza kuhamishia vitu kwenye diski na kuvirudisha, diski ileile iliyokuwa inahema. Ndiyo maana kompyuta inakuwa nzito hadi saa sita mchana, si wakati wa kuwaka tu. Diski za kisasa zisizo na kitu kinachozunguka, zile SSD, zimepunguza sana adha hii, na kama una uwezo wa kubadilisha kitu kimoja tu kwenye laptopu ya mtumba, badilisha hicho. Lakini hata mwenye SSD hana sababu ya kulisha programu asizozitumia.

Swali ambalo mafundi wengi hawaulizi ni hili: nani aliziruhusu?

Hapa nataka tukae kidogo, kwa sababu ndilo lililonifanya nichague mada hii. Enzi za DOS, kabla ya Windows kushika hatamu, kompyuta ilipowaka ilisoma faili lenye jina AUTOEXEC.BAT. Lilikuwa faili la maandishi tu. Ukilifungua unaona mstari kwa mstari vitu vitakavyoanza: mstari wa kipanya, mstari wa kadi ya sauti, mstari wa kisomea CD. Waliotumia kompyuta miaka ile wanakumbuka jinsi watu walivyohangaika na mistari hiyo, maana programu za DOS ziligombea kilobaiti 640 tu za kumbukumbu, na mstari mmoja wa ziada ungeweza kukunyima mchezo au hesabu zako. Ilikuwa kazi ya kuchosha. Lakini orodha ilikuwa wazi, na ukiufuta mstari umefutika.

Ikaja Windows 95, Agosti 1995. Ndani ya menyu ya Start palikuwa na folda iitwayo StartUp: ukiweka kitu humo, kinaanza na kompyuta, ukikitoa, hakianzi. Bado mtu wa kawaida angeelewa. Ila pamoja na folda hiyo palikuwa na sehemu nyingine, ndani ya ile ghala kubwa ya mipangilio iitwayo Registry, ambako programu zinaweza kujiandikisha zenyewe chini ya jina Run. Mwenye kompyuta haioni Registry akipita kwenye menyu zake. Hakuna kialama chake. Kuifungua lazima ujue amri yake, na ukikosea humo unaweza kuiharibu Windows nzima. Watengenezaji wa programu hawakuhitaji kuambiwa mara mbili. Folda ya wazi ikabaki tupu, Run ikajaa.

Microsoft walileta kifaa cha kuikagua orodha hiyo, msconfig, mwaka 1998 pamoja na Windows 98, lakini hakikuwa kwenye menyu. Ilikubidi ulijue jina lake na uliandike. Ni mwaka 2012 tu, kwenye Windows 8, ndipo orodha ilipoletwa mahali ambapo mtu anaweza kuikuta bila kufundishwa, ndani ya Task Manager. Miaka 17 tangu Windows 95. Kwa muda wote huo orodha ya vitu vinavyowaka kwenye kompyuta yako ilikuwa mikononi mwa kila mtu isipokuwa wewe.

Basi tuirudishe. Redio haina picha, kwa hiyo nitakwenda polepole, na mwenye kalamu aandike.

Kaa mbele ya kompyuta yako. Bonyeza vitufe vitatu kwa pamoja: Ctrl, Shift na Esc. Linafunguka dirisha la Task Manager. Kama unatumia Windows 10 na dirisha ni dogo lisilo na maelezo, bofya chini kushoto palipoandikwa More details, kisha juu utafute palipoandikwa Startup. Kwenye Windows 11, vialama viko upande wa kushoto. Tafuta Startup apps, chenye alama mfano wa kipima mwendo cha gari. Utaona orodha: jina la programu, kampuni iliyoitengeneza, kama imeruhusiwa au imezimwa, na safu moja iitwayo Startup impact, yaani uzito wake wakati wa kuwaka.

Safu hiyo haikisii. Windows hupima. Programu inaandikwa High ikiwa imetumia zaidi ya sekunde moja ya prosesa au imesoma na kuandika zaidi ya megabaiti 3 kwenye diski wakati wa kuanza. Kwa hiyo bofya juu ya safu hiyo ili orodha ijipange kwa uzito, na uanze kushughulika na zilizo juu. Ukiona unayotaka kuizima, bofya kulia juu yake na uchague Disable. Basi. Umemaliza moja.

Neno hilo, Disable, linawatisha watu, na ndilo linalowafanya wengi wafunge dirisha bila kugusa kitu. Msikilizaji, hujaifuta programu. Haijaondoka kwenye kompyuta, wala kazi zako hazijaguswa. Umeinyima tu ruhusa ya kuanza bila kuitwa. Siku ukiihitaji utaibofya kama programu nyingine yoyote na itafunguka. Na ukiona umeikosea, unarudi palepale, bofya kulia, Enable, imerudi kama ilivyokuwa.

Kwa anayependa njia ya vibatani vya kuwasha na kuzima, Windows 10 ya tangu mwaka 2018 na Windows 11 zina orodha hiyohiyo ndani ya Settings, kisha Apps, kisha Startup. Na kwa wale wenye Windows 7 bado, ambao najua mpo, shikilia kitufe chenye alama ya Windows, bonyeza R, andika msconfig, nenda Startup, ondoa tiki.

Zipi za kuzima? Mimi sina huruma. Programu ya muziki, izime. Ya michezo, izime. Ya mikutano, Zoom na Teams, izime isipokuwa kama bosi wako anakupigia humo bila taarifa. Visaidizi vya printa, karibu vyote. Printa itaendelea kuchapa, maana kinachochapisha ni dereva, si kile kidirisha kinachokuomba ununue wino. Vitafutaji vya matoleo mapya vya programu unazozifungua mara chache, navyo vizime. Na zile programu zinazojitangaza kuwa zinasafisha kompyuta na kuiongezea kasi, angalia kwa makini, kwani nyingi zimo humo humo kwenye orodha zikila kasi hiyohiyo.

Za kuacha ni chache. Antivairasi yako iache. Windows Security iache. Chochote chenye majina kama Realtek, Synaptics, ELAN au Intel, kiache. Hivyo vinahusu sauti, ile sehemu ya kugusa kwenye laptopu, na picha, na mara nyingi uzito wake ni mdogo. OneDrive inahitaji ufikiri. Kwenye kompyuta nyingi za sasa imeunganishwa na folda ya Documents na ile ya Desktop, na ukiizima isianze, kazi zako zitabaki kwenye kompyuta lakini nakala yake haitapanda mtandaoni hadi uifungue mwenyewe. Kama tasnifu yako iko humo na laptopu ikaibwa kwenye basi, utajuta. Kama huitumii kabisa, iondoe bila wasiwasi.

Ukishamaliza, jaribu. Lakini usizime na kuwasha, chagua Restart. Tangu Windows 8, unapochagua Shut down kompyuta huwa haizimi kikamilifu: sehemu ya ndani ya Windows inahifadhiwa kwenye diski ili kesho iwake haraka. Restart ndiyo inayoanza upya kabisa. Watu wengi wanadhani kinyume, na mafundi wawili watatu nao.

Kuna hasara nyingine ambayo kwetu ni kubwa kuliko ya muda, nayo ni bando. Mtu wa London aliye na intaneti ya mwezi mzima isiyo na kikomo hajali programu ikishusha megabaiti mia mbili za toleo jipya asubuhi. Wewe umenunua gigabaiti moja ya siku, umewasha hotspot kwenye simu ili utume barua pepe moja, na laptopu imeonja mtandao. Kila iliyojiwasha inakimbilia kuulizia matoleo mapya, kupandisha picha, kupakia matangazo yake. Mbaya kuliko zote ni zile programu za kushushia sinema kwa njia ya torenti, kama uTorrent. Hizo hata ukimaliza kushusha huendelea kupandisha vipande vya sinema ileile kwa watu wengine duniani. Bando lako linaisha saa tano asubuhi, na lawama inakwenda kwa kampuni ya simu. Mara nyingine kampuni ya simu inastahili lawama, sikatai. Lakini angalia kwanza nyumbani. Na ukiwa kwenye hotspot, fungua mipangilio ya Wi-Fi uliyojiunga nayo, utafute palipoandikwa Metered connection, uwashe. Windows itajua kuwa unalipia kila megabaiti, na vitu vingi, OneDrive ikiwemo, vitasubiri.

Sasa, kuna programu ambazo haziko kwenye orodha hiyo na bado zinaanza. Nyingine zimejisajili kama huduma za ndani, nyingine zimejipangia ratiba. Vivinjari navyo vina hila yao: Edge ina kitu kiitwacho Startup boost, Chrome ina kipengele cha kuendelea kufanya kazi hata ukiifunga, na vyote viwili unavizimia ndani ya mipangilio ya kivinjari chenyewe. Na Microsoft si mtakatifu hapa. Windows 11 ilipotoka Oktoba 2021 ilikuja na Teams ndani yake, imekwisha kuwekwa kwenye orodha ya kuanza, kwa watu ambao hawajawahi kuiomba.

Kwa anayetaka kuona kila kitu, ipo programu ya bure iitwayo Autoruns. Waliiandika Mark Russinovich na Bryce Cogswell wa Sysinternals, na Microsoft waliinunua kampuni yao mwaka 2006. Hiyo inakuonyesha kila shimo ambamo kitu kinaweza kujianzisha, na mara ya kwanza utashtuka kwa urefu wa orodha. Siishauri kwa mtu anayeanza, kwa sababu humo unaweza kuzima kitu ambacho Windows haiwezi kuishi bila hicho. Lakini fundi yeyote anayejiita fundi anapaswa kuwa nayo kwenye flashi yake.

Russinovich huyo ndiye aliyefichua kisa ambacho kila mzungumzaji wa mambo haya hukitaja, nami sitakiruka. Mwisho wa Oktoba 2005 aligundua kwenye kompyuta yake mwenyewe kitu kilichojificha, kinachoanza na Windows na kisichoonekana kwa njia za kawaida. Alipokifuatilia kikamfikisha kwenye CD ya muziki aliyoinunua kihalali, ya kampuni ya Sony BMG. CD ilikuwa imeweka programu ya kuzuia watu kunakili nyimbo, na programu hiyo ilificha kila faili ambalo jina lake linaanza kwa alama fulani. Waandishi wa virusi hawakukawia kuyatumia maficho hayo. Mashtaka yakafuata, na CD za aina hiyo, matoleo 52, zikaondolewa sokoni. Mtu alinunua muziki, akauziwa na mlinzi asiyemwona.

Kwetu hatukuhitaji CD za Marekani kujifunza somo hilo. Tulikuwa na flashi. Kwa miaka mingi Windows ilikuwa na tabia ya kusoma faili liitwalo autorun.inf kwenye kitu chochote kinachochomekwa na kufuata lilichoagiza. Ukichomeka flashi kwenye intaneti kafe ya mjini, ukarudi nayo ofisini, umebeba abiria. Kirusi cha Conficker, kilichoanza Novemba 2008, kilitumia njia hiyo pamoja na nyingine na kikaenea dunia nzima. Windows 7 iliacha kuzitii flashi za namna hiyo, na Februari 2011 Microsoft wakasambaza marekebisho kwa XP na Vista pia. Virusi vikabadili mbinu: vikaficha mafolda yako na kuweka njia za mkato zenye majina yaleyale, ili ukibofya "Picha za Harusi" ukianzishe kirusi wewe mwenyewe kwa mkono wako.

Na kirusi cha aina hiyo kikishaingia, cha kwanza kinachofanya ni kujiandikisha kuanza na kompyuta. Kwa hiyo sikiliza vizuri. Ukiwa kwenye ile orodha ya Startup na ukakuta jina Microsoft Windows Based Script Host, kwenye kompyuta ya nyumbani au ya steshenari, shuku. Jina ni la kifaa halali cha Windows, na hapo ndipo ujanja ulipo: hicho kifaa kinaendesha maandishi ya mtu mwingine. Kwenye kompyuta ya ofisi kubwa huenda watu wa TEHAMA wamekiweka kwa sababu zao, waulize. Kwingineko, kizime, kisha pitisha antivairasi kwenye kompyuta na kwenye kila flashi iliyo nyumbani.

Wenye simu nao wasijione salama. Programu ya Android inayotaka kuanza simu inapowaka inahitaji ruhusa, ndiyo, lakini ruhusa hiyo ni ya kundi la zile zinazotolewa zenyewe wakati wa kusakinisha. Hakuna kidirisha kinachokuuliza kama inavyokuuliza kuhusu kamera au mahali ulipo. Tangu Android 3.1 ya mwaka 2011 limeongezwa sharti kwamba uwe umeifungua programu angalau mara moja. Simu za Tecno, Infinix na itel, ambazo ndizo zimejaa mifukoni mwetu, huja na programu ya Phone Master, na ndani yake utaweza kuamua ipi ianze na ipi isianze. Kwenye simu uwe mwangalifu kidogo: ukiinyima ruhusa programu ya ujumbe au ya benki, taarifa zake zinaweza kukuchelewa.

Nirudi kwenye ruhusa. Tarehe 1 Oktoba 2019 Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya iliamua, katika kesi ya kampuni ya Kijerumani ya Planet49, kwamba kisanduku kilichotiwa tiki kabla hujakiona si ridhaa. Kesi ilihusu vidakuzi, vile vifaili ambavyo tovuti huweka kwenye kompyuta yako. Kenya ina sheria ya ulinzi wa data ya mwaka 2019, Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022. Zote zinazungumzia taarifa zako. Lakini muda wako, kumbukumbu ya mashine uliyoinunua, na bando unalolilipia, bado vinachukuliwa kwa tiki ileile iliyowekwa mapema kwenye ukurasa wa nne wa usakinishaji, kwa Kiingereza kidogo kidogo, katikati ya Next na Finish. Mimi naona huo ni uporaji mdogo, na wanaoufanya wanajua. Mtengenezaji anayeamini programu yake ina manufaa angeiacha izimwe tangu mwanzo, na mwenye kuihitaji aiwashe.

Hawatafanya hivyo kesho. Baadhi ya programu hujirudisha kwenye orodha kila zinaposasishwa, kwa hiyo kila ukisakinisha kitu kipya, au hata kusasisha cha zamani, pita Task Manager uangalie. Na unaposakinisha, chagua Custom badala ya Express, usome kila kisanduku. Kama Kiingereza ni kikwazo, muite mtu akusomee, si aibu.

Ombi langu la mwisho ni kwa ninyi mnaouza kompyuta za mtumba, kuanzia Kariakoo hadi Luthuli Avenue, na kwa mafundi mnaozipokea zikiwa nzito. Kabla mteja hajatoa hela, fungueni orodha hii mbele yake, mwonyesheni kila kinachoanza, mkizime pamoja. Na kama baada ya hapo kompyuta imekuwa nyepesi, mtozeni gharama ya dakika hizo tano, msimtoze ya kupiga Windows upya.